Kumbi zilifunguliwa, mafundi hawakurudi: Korona ilivyowapitia watu wa nyuma ya jukwaa

FundiMitambo (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Uzi ni mrefu, nimeuandika kwa siku tatu, naomba mnivumilie.

Mimi ni fundi mitambo. Nilianza kwa kubeba nyaya na kukunja mazulia ya jukwaa, nikapandishwa kwenye sauti, nikaishia kwenye taa. Kila nikisoma habari za Korona na burudani nakutana na msanii: fulani kaahirisha ziara, fulani kaimba akiwa sebuleni kwake. Sina kinyongo naye, tiketi inanunuliwa kwa jina lake. Lakini onyesho moja la ukumbi mkubwa lina watu wengi ambao majina yao hayamo kwenye bango lolote. Kuna wapanda vyuma wanaofunga minyororo darini, wa sauti, wa taa, wa video, wa jenereta, madereva wa malori, washona mavazi, mabaunsa, wakagua tiketi mlangoni, na wanaofagia saa nane za usiku watu wakishaondoka. Hao ndio nataka tuwaongelee.

Hoja yangu naiweka mapema. Fedha nyingi za msaada zilizotolewa duniani zililenga majengo na kampuni. Mikono iliachwa ijitafutie. Siku milango ilipofunguliwa, majengo yalikuwepo na mikono haikuwepo.

Tuanze na ilivyoanza. Tarehe 12 Februari 2020 waandaaji wa maonyesho makubwa ya simu ya Barcelona, Mobile World Congress, walifuta, wakati wengi wetu bado tukiamini ni mambo ya mbali. Ijumaa ya tarehe 6 Machi jiji la Austin, Texas, likafuta SXSW, tamasha kubwa la muziki, filamu na teknolojia, ikiwa imebaki wiki moja tu. Lilikuwa halijawahi kufutwa kwa miaka 34. Bima yao haikuhusu kufutwa kwa sababu ya ugonjwa, na siku chache baadaye wakapunguza karibu theluthi moja ya wafanyakazi wao wa kudumu. Vibarua wa tamasha hata hawakuhesabiwa kwenye habari hiyo. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani likatamka kuwa ni janga la dunia. Kesho yake kumbi zote 41 za maigizo za Broadway, New York, zikazima taa, awali ikisemwa ni mwezi mmoja. Maonyesho mengi yalirudi Septemba 2021, yaani baada ya miezi 18.

Mimi siku hiyo ya Machi 2020 nilikuwa juu ya ngazi. Simu ikaita mara tatu kabla sijashuka, na kila simu ilikuwa kazi inayofutwa. Ya nne ilikuwa ya kazi niliyokuwa naifanya pale pale: "Shusha mitambo, pakia, hakuna onyesho." Tukapakia. Nakumbuka ukimya wa ule ukumbi, viti vimepangwa, namba zimebandikwa. Aliyetuita alilipa nusu siku. Hakuwa mtu mbaya. Naye amana yake ilikuwa imeshalala kwa mwenye ukumbi.

Hapa lazima nieleze tunavyolipwa, kwa sababu ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Wengi wetu si waajiriwa. Tunalipwa kwa siku. Wiki hii uko na kampuni hii, wiki ijayo na ile, mwezi wa tatu uko safarini na bendi. Mwaka ukiwa mzuri huoni tofauti na mshahara. Lakini hakuna likizo ya ugonjwa, hakuna kiinua mgongo, na hakuna karatasi moja inayoonyesha wewe ni mfanyakazi wa nani. Serikali zilipoanza kulipia mishahara ya waliosimamishwa kazi, swali la kwanza kwenye fomu lilikuwa "mwajiri wako ni nani?" Ukishindwa hilo, umekwama.

Uingereza ilikuwa inalipa asilimia 80 ya mshahara kwa walioajiriwa, mwisho pauni 2,500 kwa mwezi. Waliojiajiri wakawekewa mpango wao, ila ulidai zaidi ya nusu ya kipato chako kitokane na kujiajiri, na uwe na hesabu za kodi za miaka ya nyuma. Sasa mchukue fundi aliyefanya kazi kidogo kwa mkataba na kidogo kwa siku, au aliyeanza kujitegemea mwaka 2019, au aliyesajili kampuni ya mtu mmoja na kujilipa gawio kama alivyoshauriwa na mhasibu. Wote hao walidondokea katikati. Ndiyo maisha ya kawaida kabisa ya watu wa matukio.

Marekani sheria ya Machi 2020 iliwaingiza waliojiajiri kwenye mafao ya wasio na kazi, jambo ambalo halikuwepo kabla, pamoja na nyongeza ya dola 600 kwa wiki. Nyongeza hiyo ikakoma mwisho wa Julai 2020, kumbi zikiwa zimefungwa vile vile.

Ufaransa ndiyo naiheshimu zaidi kwenye hili. Wao kwa miongo mingi wana utaratibu wa wafanyakazi wa maonyesho wanaofanya kazi kwa vipindi. Ukifikisha saa 507 katika miezi 12, unakuwa na haki ya malipo katika siku zisizo na kazi. Korona ilipofunga kumbi, saa hizo hazikuwezekana kufikiwa, wakaongeza muda wa haki hadi mwisho wa Agosti 2021. Halafu Machi 2021 wafanyakazi wenyewe wakaingia na kulala ndani ya ukumbi wa maigizo wa Odéon pale Paris, na kumbi nyingine nyingi nchini zikafuata, wakidai muda zaidi. Muda uliongezwa hadi mwisho wa mwaka huo. Angalieni tofauti: kule sheria ilikuwa inamjua fundi wa siku kabla ya janga kufika.

Naomba wadau waliokuwa kwenye hii kazi waeleze yaliyowapata. Nitarudi kwenye hesabu ya misaada.

MwenyeVyombo

Mkuu FundiMitambo, umenigusa. Niko upande wa pili, mimi ndiye niliyekuwa napiga zile simu za kufuta.

Nina kampuni ndogo ya kukodisha sauti na taa. Mwishoni mwa 2019 nilichukua mkopo nikanunua spika mpya za kuning'inizwa na miksa mbili, kwa sababu kitabu cha 2020 kilikuwa kimejaa kuliko mwaka wowote. Watu wanadhani vyombo vikikaa bohari havili fedha. Vinakula. Kodi ya bohari ipo, rejesho la mkopo lipo, bima ya vyombo ipo, winchi za minyororo lazima zikaguliwe hata kama hazijainua kitu, malori yanataka kuwashwa, betri za maikrofoni zinakufa. Nilikuwa naenda bohari kila wiki kuwasha mashine moja moja ili unyevu usiziharibu. Peke yangu, maana vijana niliwaambia wakae nyumbani.

Fedha ya matukio inazunguka kwa kutangulizana. Shabiki ananunua tiketi miezi sita kabla, promota anatumia fedha hiyo kulipa amana ya ukumbi na ya msanii, mimi nalipwa nusu nikifunga mitambo na nusu baada ya onyesho. Kila mmoja anaishi kwa fedha ya tukio linalokuja kulipia tukio lililopita. Ukisimamisha gurudumu hilo kwa siku moja, unamkuta kila mtu anamdai mwenzake, na hakuna mwizi hata mmoja kati yao.

Kuhusu bima: tuliusoma mkataba wetu wa bima baada ya moto kuwaka. Kufutwa kwa amri ya serikali kwa sababu ya maambukizi hakumo. Wimbledon, wale wa tenisi, walikuwa nayo hiyo bima ya janga, wameilipia miaka na miaka baada ya ule mlipuko wa SARS, na walipofuta mashindano ya 2020 walilipwa. Wengi wetu hatukujua hata kama kitu hicho kinauzwa. Na mwaka 2020 ulipoendelea, kampuni za bima zikaandika wazi kwenye mikataba mipya kwamba magonjwa ya kuambukiza hayamo. Kwa hiyo hata ukitaka kuandaa tukio la 2021, unaandaa bila kinga. Glastonbury, tamasha kubwa la muziki la Uingereza, walifuta 2020 wakafuta tena 2021, na ile ya 2021 waliifuta Januari, miezi mitano kabla, kwa sababu jukwaa linaanza kulipiwa mapema na hukuwa na mtu wa kukukinga ukifungiwa.

Serikali ya Uingereza ilikuja kutangaza mpango wa bima wa pauni milioni 750, lakini ulitangazwa Agosti 2021. Kiangazi kinakwisha! Ujerumani nao waliweka mfuko wa euro bilioni 2.5 kwa ajili ya matukio ya utamaduni. Hivyo ndivyo vitu vilivyotakiwa mwanzoni.

Niliuza zile spika. Zilinunuliwa kwa chini ya nusu ya nilichonunulia.

MnunuziWaTiketi

Naomba nisimame upande wa mashabiki kidogo. Nilinunua tiketi nne, za familia. Onyesho likaahirishwa mara tatu, na kila nikiomba fedha yangu naambiwa halijafutwa, limeahirishwa. Mimi pia nilikuwa nimesimamishwa kazi. Msitufanye tuonekane hatuna roho.

FundiMitambo

Hapana ndugu yangu, una haki yako kamili, na sitaki mtu akubeze humu. Ujerumani walitunga sheria kabisa Mei 2020: aliyenunua tiketi kabla ya tarehe 8 Machi anaweza kupewa vocha badala ya fedha, na kama hadi mwisho wa 2021 hajaitumia, anadai fedha yake. Ilimuumiza mnunuzi, na ilizuia waandaaji wengi kufilisika kwa mwezi mmoja. Angalau ilisema wazi nani anasubiri na hadi lini. Kwingine mashabiki wengi waliachwa wabishane na mtandao wa kuuzia tiketi peke yao. Alichoeleza MwenyeVyombo ndicho jibu la fedha yako ilikokuwa. Ilikuwa imeshageuka amana.

NesiWaZamu

Samahani wakuu, mimi nilikuwa wodini miezi hiyo. Naelewa maumivu yenu lakini nisingependa uzi huu umfanye mtu aamini kumbi hazikupaswa kufungwa. Mnaikumbuka ile kwaya ya Skagit, jimbo la Washington? Mazoezi ya saa mbili na nusu, tarehe 10 Machi 2020, watu 61 ukumbini. 53 waliugua, 2 walifariki. Walikuwa wanaimba tu.

FundiMitambo

Dada, shikamoo na ahsante kwa kazi uliyoifanya. Nakuunga mkono bila kupunguza neno. Kukusanya watu ndani, bega kwa bega, wakipaza sauti kwa saa mbili ndiyo kazi yetu yenyewe, na ndiyo njia ambayo ugonjwa ule uliipenda. Sijawahi kumsikia fundi makini akisema tungeendelea. Nilichotaka ni kwamba mtu akiambiwa afunge kazi yake kwa ajili ya uhai wa wengine, wale wengine wamkumbuke.

Na tena watu wetu hawakukaa tu. Kumbi za maonyesho ziligeuzwa hospitali: ExCeL ya London, IFEMA ya Madrid, Javits Center ya New York. Kile kituo cha ExCeL kilifunguliwa tarehe 3 Aprili 2020 baada ya siku chache tu za ujenzi. Kufika kwenye ukumbi mtupu ukauacha na umeme, kuta za muda, taa na njia za kupita ndani ya siku mbili tatu ndiyo kazi ambayo watu wa matukio wanaijua kuliko yeyote.

Yalifanyika majaribio pia ya kujua jinsi ya kurudi salama. Agosti 22, 2020, pale Leipzig, wanasayansi waliwaingiza watu waliojitolea wapatao 1,400 ukumbini, mwimbaji Tim Bendzko akapanda jukwaani, wakapima nani anamkaribia nani na hewa inazungukaje. Machi 27, 2021, Barcelona, watu 5,000 waliopimwa siku hiyo hiyo, wamevaa barakoa, waliingia kwenye tamasha bila kutengana. Baada ya siku 14 waliokutwa na maambukizi walikuwa 6. Mimi hayo majaribio niliyafuatilia kama mtu anayefuatilia matokeo ya mwanawe shuleni.

MpigaFidla

Wadau, kuna watu wanafikiri wa okestra kubwa walikuwa salama kwa sababu wana ajira rasmi. Metropolitan Opera, nyumba kubwa ya maonyesho ya opera ya New York, ilifunga Machi 12, 2020, na kuanzia Aprili wapiga vyombo na wanakwaya wake hawakulipwa mshahara kwa karibu mwaka mzima. Wale ni miongoni mwa bora duniani. Baadhi walihama mji kwa sababu kodi ya nyumba haingoji. Desemba mafundi wa jukwaa nao wakafungiwa nje kwa kutoelewana na uongozi kuhusu kupunguziwa mishahara. Nyumba hiyo ilianza msimu wake tena Septemba 2021.

Kwangu mimi kilichouma zaidi si fedha. Vidole vinasahau. Nilikuwa napiga peke yangu chumbani kila asubuhi, lakini kupiga na wenzako 60 ni msuli mwingine kabisa. Unasikiliza pumzi ya mwenzako kabla hajaanza. Kwenye kompyuta kila mmoja anarekodi peke yake na fundi anaunganisha. Nilishiriki rekodi kama tano hivi. Nilishukuru kupata kitu cha kufanya, na kila mara nikimaliza nilikuwa nalia.

FundiMitambo

Pole sana, mwenzetu. Umenifikisha kwenye maonyesho ya mtandaoni. Yalisifiwa sana kama wokovu. Kwa wakubwa yalikuwa. BTS, lile kundi la muziki la Korea Kusini, Juni 2020 walipata watazamaji zaidi ya 750,000 kwa wakati mmoja kwenye onyesho la kulipia. Lakini onyesho la mtandaoni halina wakagua tiketi, halina mabaunsa, halina malori 20, halina watu wa mahema na majenereta. Kazi ya watu mia ilifanywa na watu kumi, tena mara moja, badala ya kila usiku kwa miezi mitatu. Nilipata siku nne za kazi kama hizo kwa mwaka mzima wa 2020. Siku nne.

Sasa nirudi kwenye misaada kama nilivyoahidi. Uingereza, Julai 2020, ilitangaza mfuko wa pauni bilioni 1.57 kwa ajili ya utamaduni. Ni fedha nyingi, ziliokoa kumbi nyingi, nani asifurahi. Ulilenga taasisi. Marekani kumbi huru ziliungana Machi 2020, zikapiga kelele miezi tisa, na Desemba 2020 ikapitishwa sheria iliyozaa ruzuku ya zaidi ya dola bilioni 16 kwa kumbi na waandaaji. Tovuti ya maombi ilifunguliwa Aprili 8, 2021, ikaanguka siku hiyo hiyo, ikafunguliwa tena Aprili 26. Watu walikuwa wamefungwa zaidi ya mwaka. Na ukisoma orodha ya wanaostahili utawakuta wenye kumbi, mapromota, mawakala wa wasanii, majumba ya sinema. Kampuni kama ya MwenyeVyombo, inayokodisha sauti na taa, haimo. Ukumbi umelipiwa, anayeufanya utoe sauti hakulipiwa.

Ndiyo maana mwaka ule watu wetu waliamua kuonekana. Usiku wa Juni 22, 2020, Ujerumani nzima, maelfu ya majengo yalimulikwa kwa taa nyekundu. Agosti 11 ikawa Uingereza, kampeni ya WeMakeEvents, na Septemba 1 Marekani. Nyekundu ni rangi ya hatari. Mafundi walitoa taa zao wenyewe bohari, wakafunga, wakawasha bila malipo. Nami nilimulika jengo moja katika usiku mmojawapo kati ya hizo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitano kushika taa, na mikono ilitetemeka.

MshonaMavazi

Mimi nilikuwa wa mavazi ya jukwaani, miaka kumi na minne. Jukwaani nilikuwa sionekani, nimesimama gizani na sindano mdomoni kusubiri zipu ikatike.

Mwanzoni tulishona barakoa na magauni ya hospitali, tena kwa kujitolea, vyerehani vya nyumba nzima ya maonyesho vilihamia majumbani kwetu. Nilijiona nina maana. Halafu miezi ikapita na hakuna aliyepiga simu. Cirque du Soleil, kampuni ya sarakasi ya Kanada ambayo kila mshona mavazi anaiota, Juni 2020 waliomba kinga dhidi ya wadai na kuwaachisha watu karibu 3,500. Niliposoma habari hiyo nilisema, kama wao, mimi nani?

Sasa nafanya kazi ofisini. Saa za kueleweka, mshahara mwisho wa mwezi, usiku nalala. Walinipigia mwaka 2021 kunirudisha. Nilikataa. Sikukataa kwa hasira. Kwa mwaka mmoja na nusu hakuna hata mmoja wa waliokuwa wakinipa kazi aliyenipigia kuuliza kama nimeamka salama. Nilijua thamani yangu kwao.

Samahani kama nimesema kwa ukali. Mpaka leo nikipita mbele ya ukumbi na kusikia vyombo vinapimwa ndani, nasimama.

FundiMitambo

Dada yangu MshonaMavazi, hukusema kwa ukali hata kidogo. Wewe ndiye uzi huu unakuzungumzia. Hesabu yako hiyo, "walinipigia nikakataa", ilirudiwa na watu wengi mno mwaka 2021 na 2022. Madereva wa malori ya ziara walikuta kampuni za mizigo zinawagombania, kazi ya kila siku, nyumbani kila wiki. Mafundi umeme walikwenda kwenye majengo. Wa video wakachukuliwa na studio na makampuni yanayotangaza mikutano mtandaoni. Wapanda vyuma walikwenda popote panapotaka mtu asiyeogopa kimo. Hao ndio walikuwa na ujuzi unaouzika, kwa hiyo walikuwa wa kwanza kupata kwingine, na hawakuwa na sababu ya kurudi.

Upande wa fedha kubwa mambo yalinyooka. Live Nation, kampuni kubwa ya kuandaa matamasha, mwaka 2019 waliingiza dola bilioni 11.5, mwaka 2020 zikaanguka hadi takriban bilioni 1.9, na mwaka 2022 zikapanda hadi bilioni 16.7, rekodi yao hadi wakati huo. Sisemi walifanya kosa, na mwaka 2020 walianzisha mfuko wa mafundi wakaahidi dola milioni 10. Nasema tu kwamba ukitazama hesabu hizo utadhani kila kitu kilirudi. Ziara zote zilizoahirishwa ziliingia barabarani kwa pamoja, na waliobaki tukawa tunafunga mitambo usiku, tunafungua usiku unaofuata, tunalala ndani ya basi. Kila kumbi ilikuwa na tangazo la kutafuta watu.

Na janga lenyewe lilikuwa halijaisha. Desemba 2021 Omicron, aina mpya ya kirusi cha Korona wakati huo, ilifuta maonyesho London na New York usiku kwa usiku, watu wakiwa wameshakaa vitini. Tarehe 20 Januari 2022 mwimbaji Adele aliahirisha maonyesho yake ya Las Vegas siku moja kabla ya kuanza, akieleza kwa machozi kwamba vifaa vimechelewa na nusu ya timu yake ina Korona. Watu walimkasirikia. Mimi niliona kitu kimoja tu: sasa hata aliye juu kabisa amekwama kwa sababu mafundi hawapo kazini.

Mgeni2022

Wakuu shikamooni. Mimi ni kijana niliyeingia kwenye hii kazi 2022, tangazo lilisema "uzoefu si lazima". Wiki ya pili nilipandishwa kwenye trasi, zile fremu za vyuma za juu zinazobeba taa. Sikuwa na mtu wa kuniambia hata mkanda unafungwa vipi, aliyenifundisha alikuwa na miezi mitatu kazini. Nilidhani ndivyo kazi ilivyo. Kwa kusoma uzi huu ndiyo naelewa waliotakiwa kunifundisha walikwenda wapi.

FundiMitambo

Marahaba kijana. Nimesoma ujumbe wako mara mbili na nimeogopa.

Sikiliza. Kazi hii haina kitabu kinachotosha. Vipo vyeti vya umeme na vya kupanda, vitafute. Lakini mengi yanapita kutoka mkono hadi mkono. Mzee aliyenifundisha alikuwa anapiga mnyororo kwa kidole na kusikiliza. Alijua kwa sauti kama uzito umekaa sawa. Mimi nilihitaji miaka mitatu nyuma yake kuanza kuisikia hiyo sauti. Aliacha kazi 2020, akauza vifaa vyake, na sijui kama kuna kijana aliyekuwa nyuma yake wakati huo. Hicho ndicho nilichomaanisha niliposema mikono haikurudi. Fomu za serikali hazina sehemu ya kuandika hasara kama hiyo.

Kwa sasa: usipande juu bila mtu mmoja chini anayekutazama wewe tu. Ukiambiwa hakuna muda wa kukagua mkanda, shuka. Kazi itapatikana nyingine.

MwenyeVyombo

Nakazia hilo. Kijana, mwenye kampuni anayekukaripia kwa kushuka ndiye huyo huyo atakayekana kukujua ukianguka.

Mkuu, swali la vitendo kabla uzi haujazama. Sasa hivi wewe ukipewa kazi, unadai nini kwenye karatasi? Maana mimi nimebadilisha mikataba yangu, nataka kulinganisha.

FundiMitambo

Zamani nilikuwa nakubali kwa simu. Sasa sikubali kazi ya zaidi ya siku mbili bila maandishi. Nataka kiwango cha kufutwa: ikifutwa zikiwa zimebaki siku 14, robo ya malipo, siku 7, nusu, saa 48, yote. Nataka kile kifungu cha mambo yaliyo nje ya uwezo wa pande zote kiseme wazi kama ugonjwa wa mlipuko na amri ya serikali vimo, na kama vimo, nani anabeba siku ambazo nimeshazifanya. Nikiugua nikiwa safarini, nani analipa chumba na nauli ya kurudi. Na nimejiunga na chama cha mafundi, jambo ambalo kwa miaka mingi nililiona halinihusu. Mwaka 2020 waliokuwa na chama angalau walikuwa na mtu wa kupokea simu.

Wapo wanaokataa kusaini. Karibu mmoja kati ya watatu. Nawaacha.

MwenyeVyombo

Ongeza na tarehe ya kulipwa, mkuu. Mimi nimeweka siku 14 baada ya onyesho kwa kila fundi, hata kama promota hajanilipa mimi. Inaniumiza, lakini nilipoanza kufanya hivyo wawili kati ya vijana wangu wa zamani walirudi.

MshonaMavazi

Siku 14 kwa maandishi? Na idara ya mavazi pia?

MwenyeVyombo

Kwa maandishi, dada. Sina idara ya mavazi, ila namjua promota mmoja anayetafuta mtu wa kuiongoza. Nitampa karatasi yangu aisome kwanza, akisaini ndiyo nikupe namba yake.